Njia Panda ya Muhutwe

Jumamosi, 2 Novemba. Kashai

Mume wangu ameamua kuwa Mjapani.

Ndiyo habari niliyoamka nayo. Nimetoka uani kubandika maji ya chai nikamkuta Josia anafunga makoti ya mvua kwenye pikipiki huku anapiga mluzi. Nikamuuliza anakwenda wapi na wingu lile. Akasema, "Tunakwenda." Yaani yeye na mimi.

Niandike kwa utaratibu, maana ndiyo kwanza naanza. Josia Kahigi alikuwa msimamizi wa kazi za barabara mpaka alipostaafu. Enzi hizo alifanya kazi na mhandisi mmoja wa Kijapani, Bwana Ishida. Huyo kila likizo alirudi kwao akamchukua mkewe, wakazunguka miji ya zamani yenye nyumba za mbao na vijiji vya milimani. Walikwenda polepole, wakilala kwa watu na kula kilichopo, kesho wanasogea kijiji kinachofuata. Josia aliziona picha zao. Anasema nyumba za huko milimani zina mapaa marefu ya nyasi, ukitazama haraka utadhani ni nyumba za msonge za Wahaya. Tangu siku hizo anaota kusafiri hivyo. Marehemu mke wake, Elionora, hakutaka kusikia habari za pikipiki, kwa hiyo ndoto imeniangukia mimi.

"Nauli ya Japani sina," ananiambia. "Lakini miji ya zamani tunayo, milima tunayo, na mke ninaye."

Nikamwambia asimalize maneno matamu yote siku ya kwanza, abakize ya njiani.

Tulifunga ndoa mwezi wa saba, mgane na mjane, mimi Mkatoliki wa Kashozi, yeye Mlutheri wa Kamachumu. Nina miaka hamsini na saba. Nina duka langu la ushonaji hapa Kashai na binti yangu Celina anaweza kulishika nikiwa sipo. Sikukosa kitu, isipokuwa kimoja: mama yake Josia hajanipokea. Siku ya ndoa alikuwa mgonjwa, hakuja. Josia alipompigia simu kumweleza kuwa tumefunga ndoa, bibi alimjibu hivi: "Mkwe wangu amelala pale kwenye migomba. Sina mwingine." Josia alikuwa ameketi ukumbini, mimi niko nyuma ya pazia napiga pasi, na simu yake inaongea kama redio. Nikasikia. Sikusema, na yeye hakunieleza.

Basi leo nimempa sharti. Nitapanda hiyo pikipiki mpaka mgongo uvunjike, ila safari ya mwisho iwe kwa huyo mama yake, Ma Kokwijuka, kabla ya Krismasi. Krismasi kila Mhaya anarudi kwao. Na mimi nataka nijue siku hiyo kwangu ni wapi.

"Tutafika, Klaudia," akasema, akaingia ndani kutafuta helmeti ambayo alikuwa ameivaa kichwani.

3 Novemba

Mvua kutwa. Mjapani amelala.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo tumekuwa watalii wa mji wetu wenyewe. Tumeiacha pikipiki nyumbani tukateremka kwa miguu mpaka kule chini karibu na ziwa, kwenye majengo ya Wajerumani na maduka ya zamani ya Wahindi. Nimepita pale maisha yangu yote kwenda kununua uzi na vifungo. Sikuwahi kuinua macho kutazama yale mabati ya zamani na milango mirefu ya mbao iliyochongwa. Josia anasimama kila ukuta anaupapasa, ananieleza mawe yalivyopangwa. Watu wananijua. "Mama Celina, mmepotea?" Nikawajibu ndiyo, tumepotea, mtuelekeze.

Wakati wa kuvuka barabara alinishika mkono, na tulipofika ng'ambo hakuuachia. Mzee wa miaka sitini na tatu. Kwanza niliona aibu, halafu aibu ikachoka yenyewe. Tumekula samaki wa kukaanga tumesimama na kurudi tumelowa.

Nimefurahi sana leo. Naandika ili nikija kumkasirikia nisome.

Jumapili, 10 Novemba. Kashozi

Kwetu. Tumesali misa kwenye lile kanisa kubwa la matofali, Josia ameimba nyimbo zetu kwa sauti ya Kilutheri, yaani sauti ya pili ambayo hakuna aliyemwomba. Kaka yangu Ildefons ametupokea vizuri, ameleta kahawa ya kutafuna kwenye kibakuli kama inavyotakiwa, tukatafuna, tukaulizana habari za migomba na mnyauko.

Halafu Ildefons akauliza, "Shemeji, dada yetu umeshampeleka kwenu?"

"Bado kidogo, waitu," akajibu kwa heshima ya Kihaya.

"Mama hajambo lakini?"

"Hajambo. Bado kidogo tu."

Josia akawa anazitazama zile punje za kahawa. Ildefons akanitazama mimi. Nikaondoka kwenda kumsaidia wifi jikoni.

14 Novemba

Nimeshona sare za kwaya. Mvua ya mawe mchana.

Jumamosi, 16 Novemba. Muleba

Tumeanza safari ya kusini. Asubuhi tumepita Maruku, Josia alitaka nione mahali ambapo wazee wetu walikuwa wakiyeyusha chuma zamani sana. Amenisimulia habari za tanuri na mivukuto hadi nikamwambia kama angenisimulia mapenzi kwa bidii hiyo tungekuwa mbali. Akacheka mpaka akakohoa. Jua lilikuwa limetoka, migomba inang'aa, barabara kavu. Mimi nyuma nimemshika kiuno, mwavuli umefungwa mgongoni kama bunduki.

Tulipofika njia panda ya Muhutwe alipunguza mwendo. Hapo ukikunja kulia unapanda Kamachumu, kwao. Nikajiweka sawa kwa ajili ya mlima. Nikawa napanga namna nitakavyopiga magoti, nitakavyosalimia, kama nitaanza mimi au nitangoja. Pikipiki ikasimama kidogo, akatazama juu kule. Kisha akatia moto tukanyoosha kwenda Muleba.

Nilimuuliza tulipofika. Akasema juu kulikuwa na ukungu.

Mimi sikuona ukungu.

17 Novemba. Muleba

Tumelala kwa Kyaruzi, aliyekuwa dereva wa katapila wakati wa Josia. Mkewe amenipikia ndizi na maharage, nimekula kama mchungaji. Wakati wa kuaga akaniuliza, kwa nia njema kabisa, "Na Ma Kokwijuka amekuonaje?" Nikasema hatujafika. Akasema, "Aa," akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Tumerudi Bukoba kwa barabara ileile. Muhutwe tumepita mbio.

20 Novemba

Bwana huyu ananiletea chai dukani kila saa kumi, kwenye chupa, na andazi moja nusu kwa nusu. Wateja wangu wanamwita Baba Chai. Mtu wa namna hii utamgombeza vipi?

Jumamosi, 23 Novemba. Nshamba

Tumepita Muhutwe. Hakupunguza hata mwendo. Safari hii nilikuwa nimebeba kanga mpya kwenye mkoba, ile ya kujifunga mbele ya mama mkwe. Imefika Nshamba haijafunguliwa.

Tumefikia kwa shangazi yake, Ma Esther. Ni mama mrefu, mwembamba, anatembea na fimbo ambayo haihitaji, nafikiri ni ya kunyooshea watu. Njiani tulipita Rubya kutazama majengo ya misheni, na milima ya huku nimeipenda. Baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa lakini unalala vizuri. Nimeanza kumwelewa Bwana Ishida.

Jumapili, 24 Novemba. Nshamba

Senene wameanguka.

Alfajiri Ma Esther alinigongea mlango kwa fimbo yake. "Fundi, amka, majani yamejaa." Nikatoka na kanga moja na ndoo. Ukungu ulikuwa chini chini, na majani ya mteremkoni yote yalikuwa yanatembea kwa wale panzi wa msimu. Wanawake wa jirani walishainama zamani, wanaokota na kusemeshana kwa Kihaya, kila mmoja na kichaka chake. Miaka mingapi mimi nanunua senene sokoni Bukoba, wa kwenye mfuko, wameshanyonyolewa? Nikasema leo naokota mwenyewe. Nimelowa mpaka mapajani, nimeanguka mara mbili, nimecheka peke yangu. Ma Esther akasimama juu ya kilima ananiamuru: "Kushoto, kushoto, unawaacha wanene."

Nikanyonyoa mbawa na miguu, nikakaanga na kitunguu na chumvi. Wa kwanza nikawaweka kwenye sahani safi nikampelekea Josia alipokuwa ameketi, nikainama kidogo nikampa kwa mikono miwili, kama mama yangu alivyokuwa akimpa baba. Sikupanga kufanya hivyo. Mikono ilijua yenyewe. Josia aliipokea ile sahani akanitazama hivi kwamba nikasahau baridi.

Akala wote. Mimi nikala wangu jikoni. Ma Esther hakula, wanawake wa zamani hawali senene. Alikaa akasubiri sahani iishe, kisha akamnyooshea fimbo.

"Umemaliza, haya. Nguo iko wapi?"

Josia akacheka.

"Nakuuliza wewe. Mke akikuokotea senene wa kwanza wa msimu, unamvika. Babu yako hakuwa na kitu lakini msimu ukifika alitafuta kitambaa. Ukila bila kutoa nguo umekula kwa mtu baki."

"Shangazi, huyu ana duka zima la nguo."

Alisema kwa utani, najua. Lakini Ma Esther hakucheka na mimi nilishindwa kucheka. Nguo zote zilizoko dukani kwangu nimezinunua kwa jasho langu na nimewashonea watu wengine. Ukiwa fundi wa nguo hakuna anayekumbuka kukununulia nguo, kila mtu anadhani umeshiba. Nimeumia. Nikachukua sahani nikaenda kuiosha, na ilichukua muda mrefu kuosha sahani moja.

Jumatatu, 25 Novemba. Nshamba

Ni siku ya gulio. Josia ametoka asubuhi peke yake, amerudi na kifurushi cha gazeti akakisukumia chini kabisa ya mkoba wa pikipiki. Alipokwenda kunawa nikachungulia. Ndiyo, nimechungulia, mkoba haukuwa na kufuli. Kitenge. Zambarau iliyokolea, maua ya njano, chapa ya nta yenyewe kabisa, si hizi za kufua mara moja ukabaki na dekio. Mwenyewe nisingechagua kizuri zaidi.

Nimekirudisha kama kilivyokuwa. Nimefanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo cha Ma Esther.

27 Novemba. Kashai

Tumerudi. Bado hajanipa. Pengine anasubiri Jumapili.

Jumapili, 1 Desemba

Majilio yameanza. Bado.

3 Desemba

Bado. Mvua.

5 Desemba

Bado. Celina ananiuliza kwa nini napiga cherehani kama nampiga mtu.

Jumamosi, 7 Desemba

Tumegombana.

Nilivumilia mpaka chai ya saa nne. Nikaweka kikombe chini nikamwambia, "Josia, kile kitenge kitaozea kwenye mkoba."

Akashtuka. "Umekiona?"

"Mimi nauza vitenge. Nakinusa kikiwa Nshamba."

Akaikwangua meza kwa ukucha. Halafu akasema kile kitenge ni cha mama yake. Hawezi kumwendea mikono mitupu baada ya miezi yote hii. Alitafuta kitu kizuri cha kumlainisha.

Nilidhani sijasikia vizuri. Mimi niliyeanguka kwenye majani ya Nshamba nikiokota, nikakaanga, nikainama na sahani, na nguo inakwenda kwa mama? Nikamwambia maneno mengi. Nikamwambia kama mama yake ndiye mkewe basi mama yake akamwokotee senene. Nikamwambia amenipitisha Muhutwe mara nne kama mzigo wa magendo. Nikamwambia mimi si Elionora na sitakuwa Elionora. Yeye na mama yake wakae na marehemu wao, mimi nina mashine zangu. Hilo la mwisho nilijuta likiwa bado mdomoni.

Alichukua koti akatoka kwenye mvua. Pikipiki ameiacha.

Nimekaa dukani mchana kutwa. Nimefikiri sana. Nilidhani nimeolewa na mtu anayependa kutembea. Leo nimeona nimeolewa na mtu anayezunguka. Tumekwenda kila mahali ili tusifike mahali pamoja. Na sababu naijua: ananionea aibu. Anapenda kukaa na mimi mjini na kunishika mkono barabarani, lakini huko kwao, mbele ya kaburi la yule, anaona sistahili. Naandika haya na nina hasira na nampenda, vyote viwili, na sijui niviweke wapi.

Jumapili, 8 Desemba

Nimerudi kutoka misa ya kwanza nikakuta moshi jikoni. Josia amepika ndizi. Ameziunguza chini na juu ni mbichi, sijui amewezaje. Ameandaa meza, ameweka mpaka kitambaa.

Tukala. Halafu akasema, "Klaudia, sikuonei aibu."

Sikuwa nimemwambia neno hilo. Inaonekana uso wangu ulilisema.

Akasema kuna kitu mama yake alisema mwezi wa saba. Hawezi kukitamka. Kila tukifika Muhutwe anakisikia masikioni. Anaona akinipandisha kule mama atanitamkia mimi usoni, na lile neno likishatoka halirudi. "Mama yangu akikutamkia vile, mimi nitafanya nini? Nimjibu mama yangu? Ninyamaze uniangalie? Nikaona nikupeleke kila mahali pengine kwanza. Ili ukishasikia, uwe na kumbukumbu nyingine za kwetu."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mtu aliyekuwa akiwaamrisha wanaume mia na makatapila.

Nikamwambia, "Mkwe wangu amelala pale kwenye migomba. Sina mwingine."

Akainua kichwa.

"Nililisikia siku ileile, Josia. Nilikuwa nyuma ya pazia napiga pasi."

"Tangu Julai?"

"Tangu Julai."

Akaweka uma chini. Miezi yote hiyo alikuwa anaubeba ule mzigo peke yake ili usiniguse, na mimi ninao tayari, naubeba peke yangu ili asijue. Tukatazamana kama watu waliokutana wanatafuta ufunguo uleule. Nikaanza kucheka mimi, akafuata yeye, tukamaliza zile ndizi mbovu zote.

Jumamosi tunapanda. Amesema mwenyewe. Ombi lake ni moja tu: lolote mama atakalosema, nisijibu. Nimeahidi. Habari ya kitenge hatukuirudia. Nimemeza.

12 Desemba

Nimesuka nywele. Nimefumua mshono wa gauni, nimenenepa.

Jumamosi, 14 Desemba. Kamachumu

Naandika kwenye kitanda cha wageni, ingawa nimekatazwa kukiita hivyo. Nieleze tangu mwanzo.

Muhutwe alikunja kulia bila kupunguza. Mlima ni mkali, pikipiki ilikuwa inalia, mahali pengine niliteremka nikatembea. Juu kulikuwa na ukungu kweli, safari hii nilimwamini. Tulipofika kwao nikajifunga ile kanga mpya nje, chini ya mwembe... hapana, nimechanganya, ulikuwa mparachichi.

Ma Kokwijuka alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao sebuleni anamenya maharage. Ni mdogo kuliko nilivyomwogopa. Nikapiga magoti nikasalimia kwa Kihaya kama nilivyofundishwa. Akaitikia, lakini akiwa anatazama maharage. Akaagiza kahawa. Ikaja kibakulini, Josia akapewa, akachukua. Kibakuli kikarudi kwa Ma, akakifunika.

Sijawahi kunyimwa kahawa ya kutafuna katika nyumba yoyote. Hata mdai wako unampa. Nilikaza meno nikatazama sakafu. Josia akawa mwekundu, na mtu mweusi kama yeye akiwa mwekundu ujue kuna jambo. Haraka haraka akatoa kifurushi.

"Ma, tumekuletea kitu."

Bibi akafungua gazeti, akakipapasa kitenge kwa vidole, akakinusa. Anajua vitambaa yule.

"Kizuri. Cha nini?"

"Zawadi tu, Ma."

"Mwezi wa senene mwanamume ananunua nguo ya zawadi tu?" Akakiweka magotini. "Senene umekula mwaka huu?"

"Nimekula."

"Nani alikuokotea?"

Josia alinitazama kwa macho ya kuomba. Nikakumbuka ahadi yangu. Nikahesabu maharage yaliyoanguka sakafuni. Mama wa Yesu alinyamaza mengi, na mimi niliweza, niliweza kabisa, mpaka bibi aliposema, "Au ulinunua sokoni kama kapera?"

"Nilimwokotea mimi," nikasema. "Nshamba, kwa Ma Esther. Nilianguka mara mbili. Na hicho kitenge ulichoshika, Ma, ni cha senene wangu."

Nilisikia matone kwenye majani ya migomba. Josia alifumba macho.

Ma Kokwijuka akageuka polepole, siyo kwangu, kwa mwanawe. "Josia. Umekula senene wa mkeo, ukaja kunivika mimi?"

"Ma, nilitaka..."

"Mimi ni mkeo?"

"Hapana, Ma."

"Watu wakisikia nitaficha wapi uso? Nimevaa nguo ya senene wa mtu mwingine." Akakikunja kile kitenge akanirushia kikaniangukia kifuani. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, meno yake mawili ya mbele yanaonekana, na hakuweza kuacha. "Mara mbili," akasema. "Ameanguka mara mbili, na yeye kala."

Alipopata pumzi akanitazama, kwa mara ya kwanza akanitazama. "Nimewaona wanawake wa mjini. Wanakuja na keki, wanacheka na kila mtu, wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunidai nguo yake ndani ya nyumba yangu. Wewe unadai kama mtu wa hapa."

Safari hii niliishika ahadi yangu.

"Nenda kamsalimie mwenzako kwanza," akasema. "Halafu urudi."

Nikaenda peke yangu. Kaburi la Elionora liko nyuma ya nyumba, katikati ya migomba na mibuni, limesakafiwa na kufagiliwa. Manyunyu yalikuwa yanashuka. Nilitaka kusema Salamu Maria, nikakumbuka alikuwa Mlutheri, nikasema Baba Yetu, hiyo ni ya wote. Nikamwambia, "Dada, sikuja kukutoa. Umemtunza mama huyu vizuri, mpaka leo anakulilia. Mimi naogopa tu." Nililia pale, nikafuta uso kwa kile kitenge cha zambarau, nikarudi.

Ma alikuwa amesogeza kiti katikati ya sebule. Maharage yameondolewa. Akapiga mapaja yake kwa viganja. "Njoo."

Nikaelewa, nikaogopa zaidi. Bibi harusi wa Kihaya anapoingizwa kwa wakwe hupakatwa. Anakalishwa kwenye mapaja yao kama mtoto aliyezaliwa mle ndani, ndipo anakuwa wao. Lakini bibi harusi ni msichana wa miaka ishirini na wakwe wana nguvu. Mimi ni mama wa Kashai na huyu ana miaka themanini na ushee.

"Ma, magoti yako," Josia akasema.

"Magoti ni yako au yangu? Baba yako angekuwepo angeanza yeye. Hayupo, nampakata mimi."

Nikageuka, nikajishusha kidogo kidogo. Nikaigusa kanga yake nikaishia hapohapo, nimeshikilia mwili wangu wote kwa miguu yangu, mapaja yanawaka moto, jasho linanitoka kwenye baridi ile.

"Umekaa?" akauliza nyuma yangu.

"Nimekaa, Ma."

"Hujakaa. Umechuchumaa hewani. Nimepakata watoto tisa na wajukuu, namjua mtu aliyekaa." Akanishika kiuno kwa mikono miwili, mikono yenye mifupa kama vijiti. "Mgeni ndiye anayeogopa kunilemea. Kaa na uzito wako wote, mwanangu."

Nikakaa. Niliuachia mwili wote. Kiti kikalia, Ma akaguna kwa maumivu, nikataka kuruka, akanivuta chini.

Josia alikuwa ameegemea mlango, analia kama mtoto, na hakujificha.

Jumapili, 15 Desemba. Kamachumu

Ma hawezi kusimama, magoti yamevimba. Namkanda kwa mafuta ya samli tangu asubuhi, na ananigombeza kwamba nakanda kama mtu anayekanda chapati. Josia akaja mlangoni akauliza, kwa uangalifu sana, basi Krismasi tutakuwa wapi.

Ma akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Huyu yuko kwake. Wewe kama bado una safari zako, nenda."